Arobaini na Tatu na Sentimita Kumi

Godlisten aliposoma kwamba shangazi yake alirusha kisahani mita sitini na tano, watu waliokaa chini ya turubai waliguna kwa pamoja, mguno ule wa msibani ambao si kilio wala si kicheko, na mchungaji akatikisa kichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa safu ya nne, kiti cha sita kutoka kushoto. Najua kilikuwa cha sita kwa sababu nilivihesabu viti vyote wakati wa kwaya ya pili, kisha nikavihesabu tena matarumbeta yalipoanza. Nikamgeukia mama aliyekuwa pembeni yangu, nikamwuliza kijana amesema ngapi. Sitini na tano, akanijibu huku akifuta macho. Nikamwuliza tena, akarudia, safari hii akinitazama kama mtu aliyekaribia kunihamisha kiti. Basi sikuwa nimesikia vibaya. Pale Akheri, mbele ya jeneza la rafiki yangu Elisifa, mita ishirini na moja na sentimita tisini zilikuwa zimeongezwa na hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Nimeuza viatu vya mtumba mjini Arusha tangu nikiwa msichana, najua bei inavyopandishwa na anayeipandisha anavyokwepa macho, lakini sikuwahi kuona mtu akipandishiwa bei akiwa ndani ya sanduku.

Sikusema kitu siku ile. Kwetu huku mtu hasimami msibani kusahihisha wasifu wa marehemu; hata mlevi husomwa kama mtu aliyependa watu. Nikaimba wimbo wa kuaga, nikatupa udongo wangu, nikala ndizi zangu na nyama, nikarudi mjini. Lakini usingizi ulinikataa, kwa sababu futi kamba iliyopima ule mrusho niliishika mimi, mkono wangu huu wa kulia, na hakuna mwingine aliyebaki hai ambaye anaweza kusema hivyo. Mwalimu Zefania, aliyemfundisha kurusha, alishatangulia. Waamuzi wa siku ile sijui walipo. Nimebaki mimi, na mimi sijazoea kunyamaza bei ikitajwa vibaya. Ndiyo maana nauandika mwaka ule. Habari za kwetu, nani alimzaa nani na nani aliuza shamba la nani, nitaziruka. Zipo, ni ndefu, na hakuna hata moja iliyorusha chochote.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nauza viatu juu ya gunia upande wa chini wa soko, pale maji ya masika yalipokuwa yanapita bila kubisha hodi. Siku hiyo alikuja msichana wa rika langu, mrefu, mabega kama mlango wa duka, ameongozana na mwanamume mzee aliyevaa koti la suti na kaptura ya michezo. Wateja wote wa Arusha wakati wa mvua walikuwa wanataka kitu kimoja: soli yenye meno. Udongo wetu ukilowa hauna mzaha. Huyu msichana hakutazama juu ya kiatu kabisa. Alivipindua kimoja kimoja, akapitisha kidole gumba kwenye soli, akavirudisha vyote vizuri nilivyovitanguliza mbele. Kisha akafika kwenye jozi moja ya raba za kiume, namba arobaini na tatu, ambazo soli zake zilikuwa zimelika mpaka zimekuwa laini kama shavu. Jozi ile ilikaa kwenye gunia langu miezi miwili. Nilikuwa naitumia kuzuia gunia lisipeperuke. Akasema anazitaka hizo.

Mtu akitaka takataka yako kwa macho makavu namna ile, ujue kuna kitu anakijua wewe hukijui. Nikapandisha bei mara moja. Hakushtuka. Nikaipandisha tena, akacheka, akaniuliza kama viatu vinaota meno ninavyoendelea kuongea. Ndipo yule mzee, Mwalimu Zefania, aliyekuwa mwalimu wa michezo mpaka alipostaafu, akanieleza kwa upole kama anamweleza mtoto wa darasa la pili. Mrusha kisahani husimama ndani ya duara la saruji, anazunguka mara moja na nusu kwa kasi, na kiatu kinachoshika chini kitamwachia goti likiwa limegeukia kwingine. Huyu anahitaji kuteleza, akasema, na mji mzima huu hakuna anayeuza kiatu cha kuteleza isipokuwa wewe. Nilikuwa ndiye muuzaji pekee mjini wa bidhaa adimu, na sikujua. Tukapatana kwa bei ambayo mpaka leo naionea haya, na sitaitaja.

Wiki mbili baadaye alirudi kuulizia chumba cha mjini, kwa sababu nyumbani jembe lilikuwa linamlia muda wa mazoezi. Kwao Akheri walikuwa wamempa mwaka mmoja, asiongezewe hata siku. Mwishoni mwa mwaka kulikuwa na mashindano ya mkoa, na mshindi angechukuliwa kambi ya taifa Dar es Salaam. Akishinda, aende. Akishindwa, arudi shambani na habari za kuzunguka kwenye saruji ziishe, na kulikuwa na mchumba aliyekuwa ameshaanza kupeleka mbuzi. Mwaka mmoja, shindano moja. Nilimwambia ana bahati, wengine hatukupewa hata mwaka.

Chumba chenyewe kilikuwa changu, Sombetini. Sombetini ya leo ina nyumba juu ya nyumba na bodaboda zinazokata kona ndani ya sebule za watu. Ile ya wakati ule ilikuwa mahindi, na nyumba yetu, na nyumba nyingine nne. Tulilala kitanda kimoja, kichwa changu kwenye miguu yake, kwa sababu mabega yake na yangu hayakuenea upande mmoja. Kulikuwa na jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili, na msumari mmoja ukutani ambao tuligawana: juu nguo zake, chini zangu. Dari haikuwepo. Kuta za vyumba ziliishia juu kidogo ya kichwa, kwa hiyo maneno yote ya nyumba ile yalikutana juu hewani kama moshi, yakashuka kwa kila mtu. Mwenye nyumba, Mama Yohana, alikuwa na dada aliyemtembelea kila Jumapili baada ya ibada, na mazungumzo yao tulikula nayo chakula cha mchana. Elisifa alipenda loshoro, mahindi yaliyopikwa yakalainika kisha yakatiwa maziwa ya mgando, na aliila kutoka kwenye sufuria lenyewe. Nilihesabu vijiko: arobaini na kimoja. Nikafikiri nimekosea, kesho yake nikahesabu tena. Arobaini na vinne.

Jumapili moja tukamsikia dada yake Mama Yohana akiuliza kama yule mrefu ni mwanamke kweli. Mama Yohana akajibu kwamba ni mwanamke, ameona khanga zake kwenye kamba, lakini kwa mabega yale sijui ataolewa na nani, labda na trekta. Mimi nilisimamisha kijiko. Elisifa alimeza kwanza, akajifuta mdomo, akainua uso kuelekea pale dari ilipotakiwa kuwa.

"Shikamoo mama," akasema kwa sauti ya kanisani. "Trekta lilishaleta posa. Tatizo linataka mahari tulipe sisi."

Upande wa pili tukasikia mtu akikohoa kwa muda mrefu, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Tangu siku hiyo Mama Yohana alikuwa akituletea ndizi. Nimekutana na watu wengi katika maisha ambao wakidharauliwa hurusha maneno kama mawe, na wengine ambao hulia. Elisifa alikuwa na njia ya tatu. Aliliokota neno, akaligeuza, akalirudisha limesafishwa, na wewe uliyelirusha ndiye ulibaki unatafuta pa kuweka mikono. Sikuijua njia ile kabla. Nimeitumia sokoni maisha yangu yote na sijawahi kumlipa haki ya ubunifu.

Mazoezi yalikuwa Akheri, kwenye kiwanja kilichokuwa chini ya shule, na nikisema kiwanja namaanisha sehemu ya mlima iliyokatwa majani. Sisi tuliokulia kwenye miteremko hatuna kushoto na kulia. Tuna juu na chini. Mtu hakwambii duka liko upande gani, anakwambia panda au shuka. Kisahani kilikuwa kimoja tu, cha mbao chenye ukingo wa chuma, na Mwalimu Zefania alikipenda kuliko baiskeli yake. Ukikirusha kuelekea chini, kinaanguka, kinajisimamisha kwa ukingo, kinakimbia mpaka korongoni, na jioni nzima inaishia kwenye migomba ya watu mnatafuta. Kwa hiyo walirusha kuelekea juu. Kisahani kinapanda, kinagonga mlima, kinarudi chenyewe mpaka miguuni pake kama mbwa aliyeitwa. Hapakuwa na elimu nyingine. Siku hizi vijana wenye kamera huja kuniuliza siri ya nguvu zake, chakula gani, dawa gani ya kienyeji. Nawaambia siri ni kwamba tulikuwa na kisahani kimoja na uvivu wa kukifuata. Wanadhani natania, wanazima kamera.

Mimi nilianza kwenda nao kwa sababu siku za mvua sikuwa nauza, nikabaki kwa sababu Mwalimu aligundua kwamba najua kuhesabu. Nilikuwa na punje sitini za mahindi kwenye mfuko wa kushoto. Kila mrusho, punje moja ilihamia kulia. Jioni nilizihesabu za kulia, kisha nikahesabu tena. Nilishika pia futi kamba, ya mafundi ujenzi, ya mita thelathini. Mwalimu alinifundisha kupima kutoka alama ya karibu kabisa ambayo kisahani kimeacha, si ile ya mbali inayokupendeza, mpaka ukingo wa ndani wa duara, na kama sentimita haijatimia isihesabiwe. Nilimwambia kwetu sokoni tunapima kinyume chake. Akasema ndiyo maana sokoni hakuna bingwa. Kwa mwaka mzima nilitazama kile chuma kikigonga mawe ya mlima Meru, mawe yale meusi yenye matundu ya moto wa zamani, mara sitini kwa siku. Nilihesabu mirusho. Haikunijia hata mara moja kuhesabu vile mawe yalivyokuwa yanachukua.

Siku ya mashindano uwanja wa mjini ulijaa. Ilikuwa mara ya kwanza namwona Elisifa akirusha kwenye tambarare, na nikaelewa mwaka mzima tulikuwa tunafanya nini. Mlima ulipoondoka mbele yake, kisahani hakikujua pa kuanguka. Zamu yake ya pili kilipita kamba, kikapita pale waamuzi walipochora mstari wa mwisho kwa chokaa, kikaangukia karibu na kijana aliyekuwa anauza karanga, naye akahama na ndoo yake bila kuambiwa. Futi kamba yao nayo ilikuwa ya mita thelathini. Wakapigilia msumari, wakaanza tena kutoka hapo. Arobaini na sita na sentimita themanini. Aliyemfuata alikuwa na arobaini na moja. Watu walipiga kelele nikaona Mwalimu Zefania akivua koti lake, akalikunja, akalivaa tena.

Ndipo akaja kocha wa wapinzani. Alikuwa na filimbi mbili shingoni, na mpaka leo sijui ya pili ilikuwa ya nini. Akasema mbele ya meza ya waamuzi kwamba msichana wa shamba harushi hivyo, kile kisahani ni chepesi, hawa watu wa mlimani wamekuja na chombo cha wizi. Alilitamka neno wizi akimtazama yeye, si Mwalimu. Waamuzi walikuwa wanasita. Hapakuwa na mizani pale, na nadhani wangeliacha lipite. Hapo nikafungua mdomo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa na hakika. Nikasema kwa sauti ambayo watu wa jukwaani walisikia kwamba kipimwe sasa hivi, tena mizani nitaileta mimi, na kikifika kilo moja huyu kocha ameze filimbi zote mbili.

Mjini kulikuwa na mizani tatu za kweli. Nyingine zote nilijua kilema cha kila moja: ipi ina sumaku, ipi ina jiwe lililotobolewa. Ningeweza kuchukua yoyote. Nilikimbia mpaka kwa muuza nyama mmoja, mzee mlokole ambaye watu walimkwepa kwa sababu mizani yake haikuwa na huruma upande wowote, nikaibeba kichwani na mawe yake. Nikaiweka mezani mwenyewe. Upande huu jiwe la kilo moja, upande ule kisahani chetu. Jiwe likashuka. Kisahani kikabaki juu, hakikupanda sana, kama kidole kimoja, kikitikisika. Nikasema mara ya pili. Nikabadilisha pande, kwamba labda mkono mmoja wa mizani umechoka. Jiwe likashuka tena upande wa pili. Mawe ya mlima yalikuwa yamekula chuma kidogo kidogo, mwaka mzima, mbele ya macho yangu, na nilikuwa nimeleta mizani ya haki kabisa mjini kuja kulithibitisha.

Waamuzi walifuta mirusho yake yote. Watu walianza kuzomea, na kwa kuwa ni watu walewale waliokuwa wanashangilia, waliijua kazi. Yule kocha alipuliza filimbi moja, kidogo tu. Mwalimu Zefania alisimama amekishika kisahani chake anakipapasa ukingoni, na nadhani alikuwa anaona aibu ya mtu aliyezeeka pamoja na kitu bila kujua kwamba kitu nacho kinazeeka. Mimi nilitaka ardhi inipe nafasi. Elisifa hakunitazama. Alienda mezani, akawauliza waamuzi amebakiwa na zamu ngapi. Wakashauriana, wakasema moja, lakini hana chombo. Akamgeukia mwenye filimbi.

"Shikamoo kocha," akasema. "Naomba cha kwenu."

Mwanamume yule angekataa kama wangekuwa wawili. Mbele ya uwanja ule hakuweza. Akampa, kizuri, kipya, kimetoka nje ya nchi, bado kina rangi. Elisifa alikipima kwa mkono, akaingia kwenye duara na zile raba zangu za soli laini, akasimama muda mrefu mpaka wazomeaji wakachoka. Kisha akazunguka. Nimejaribu mara nyingi kuueleza mzunguko ule na huwa nashindwa, kwa hiyo nitasema tu nilichokiona: mguu haukutoa sauti. Kisahani kilienda chini kuliko kile cha kwanza na kilikuwa kizito, ulikiona kwamba ni kizito. Niliingia uwanjani bila ruhusa nikashika ncha ya futi kamba. Mwamuzi akaniambia nitoke. Nikamwambia anifukuze baada ya kupima. Thelathini, msumari, kisha kumi na tatu na sentimita kumi. Nikasema tupime tena. Akalalamika, lakini akapima. Thelathini, msumari, kumi na tatu na kumi. Arobaini na tatu na sentimita kumi, kwa kisahani cha mtu aliyemwita mwizi.

Alitembea akakiokota mwenyewe. Akakifuta kwa sketi, pande zote mbili, akampelekea kocha kwa mikono miwili kama inavyotakiwa kumrudishia mkubwa kitu chake.

"Chombo kizuri, kocha. Kitunze, kisiguse mawe."

Jioni chumbani sikuweza kula. Nilimwomba radhi kwa kila namna niliyoijua, nikamwambia ningeweza kuleta mizani yoyote, mji mzima ulikuwa na mizani. Alikula loshoro yake mpaka chini ya sufuria. Kesho yake hakuongea nami, keshokutwa hakuongea. Siku mbili, na nyumba ile isiyo na dari ilikuwa inasikiliza. Siku ya tatu alikuwa anafungasha kwenda kambini, akaninyang'anya upande wangu wa msumari ili nguo zake zinyooke, akasema bila kugeuka:

"Manka, ile ya kwanza ilikuwa namba ya kuazima. Ungeniacha nayo, ningekaa maisha yangu yote namwogopa mwenye mizani."

Alienda. Alishinda huko, akaitwa tena, akavaa rangi za taifa, akapanda ndege mara kadhaa na kurudi kila mara na zawadi ya soksi. Haya yapo kwenye wasifu na sina ugomvi nayo. Lakini sifa ina miguu yake. Watu wa uwanjani siku ile waliondoka na namba ya kwanza, kwa sababu ilikuwa kubwa na ilikuja na ugomvi. Nilikuwa nikiikuta njiani. Sombetini ilikuwa arobaini na sita. Ilipofika Sokon One ilikuwa hamsini. Tengeru ilikuwa imevuka paa la nyumba, na mlevi mmoja aliniapia kwamba kisahani kile kiliokotwa upande wa Kilimanjaro. Elisifa mwenyewe, kila alipotajiwa, harusini au kilabuni au siku ile mgeni wa serikali alipomsifia jukwaani, alisimama akasema arobaini na tatu na sentimita kumi, akakaa. Watu walidhani ni unyenyekevu. Haikuwa unyenyekevu hata kidogo. Alikuwa anakataa zawadi. Alikuwa amekwisha kuitwa mwizi mara moja katika maisha yake kwa kitu ambacho hakukijua, na hakuwa tayari kukipokea akikijua.

Kwa hiyo siku ya tatu baada ya mazishi nilirudi Akheri. Nilimkuta Godlisten na ndugu wachache, na fundi aliyekuja na kibao cha marumaru cha kuweka kaburini. Jina lilishachongwa, na chini yake neno MITA, na baada ya hapo nafasi. Fundi alikuwa ameshika chaki, anangoja. Nikamwambia Godlisten namba. Yeye ni kijana mzuri, anafanya kazi benki, alimuuguza shangazi yake mwaka mzima kuliko waliozaliwa naye, na hakunikasirikia. Alinivuta pembeni.

"Shangazi Manka, naijua hiyo namba. Alikuwa ananiambia," akasema. "Lakini ni ndogo. Watoto wa siku hizi wanaona kwenye simu wazungu wanarusha sabini. Watapita hapa, watasoma arobaini na tatu, watacheka. Mimi sitaki wamcheke."

Nikaona hakuwa muongo. Alikuwa mteja ambaye hajawahi kushika mali mkononi. Namba ukiisoma kwenye simu ni ndogo. Namba zote ni ndogo kwenye simu. Nikatoa futi kamba kwenye mkoba, nikampa ncha, nikamwambia nitasimama hapa penye msalaba wa kaburi, wewe panda. Akaniuliza nipande wapi. Nikamwambia juu, kwani yeye alikuwa anarusha wapi. Akapanda na koti lake. Akapita jiko la nje, akapita zizi, akapotea kidogo kwenye migomba, akatokea. Futi kamba ikakaza. Ndiyo hizo thelathini. Nikamwambia fundi akasimame pale kijana alipo ili tuanze upya kutoka hapo, nami nikapanda taratibu, magoti yangu hayana soli tena. Godlisten akaendelea. Akafika kwenye mstari wa masale, majani yale marefu tunayopandia mipaka huku mlimani, ambayo mtu akiyang'oa wazee hukaa kikao. Akasimama.

"Hapa ndiyo mwisho wetu," akaita. "Mita sita. Zaidi ya hapa ni kwa jirani."

"Bado saba na sentimita kumi," nikamjibu.

Upande wa pili wa masale bibi mmoja alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Aliinuka, akauliza tunapima nini kwake bila mwenyekiti wa mtaa. Godlisten akamwamkia, akaanza kujieleza kibenki, akachanganyikiwa. Nikamwambia bibi kwamba tunapima Elisifa alirusha mpaka wapi. Alitazama kule chini kaburi lilipo, akatazama alipo kijana, akatazama tena chini. Akaweka panga chini.

"Kutoka kule?" akauliza. Nikamwambia kutoka kule. "Basi mpitishe. Asikanyage tu miche."

Akavuka, mguu mmoja mmoja, ameinua suruali. Aliingia kwenye kahawa ya watu, saba, na sentimita kumi zake, akasimama na viatu vyake vya kazini ndani ya tope. Kisha akageuka. Kutoka pale msalaba ulikuwa haufiki hata urefu wa kidole, na ndugu zake waliokuwa wameuzunguka hungeweza kusema yupi ni yupi. Nilimwona anainua mkono wake wa kulia kidogo, kama anapima uzito wa kitu, akaushusha. Bibi wa majani alikuwa anamtazama na hakumharakisha.

Alishuka, akanipita. Alichukua chaki kwa fundi, akachuchumaa mbele ya kibao, akaandika 43.10 kwenye nafasi iliyoachwa. Akarudi nyuma hatua moja akaitazama. Kisha akaifuta kwa kiganja, akaiandika tena, kubwa zaidi, mpaka ikagusa kingo zote mbili.

"Chonga hivyo," akamwambia fundi.